Godoro la Kudumu: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Nairobi

Ukipita kwenye maduka ya magodoro ya Nairobi, kuanzia River Road hadi yale yaliyojipanga kando ya Thika Road, utaona kwamba karibu kila godoro limeandikwa mojawapo ya maneno haya: hai densiti (yaani sponji nzito), hevi dyuti (la kazi nzito) au othopediki (la kutunza mgongo). Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba mnunuzi huyachukua kama vipimo, ilhali si vipimo hata kidogo. Kipimo ni namba, na namba anazozihitaji mnunuzi ni chache: godoro lina kilo ngapi, lina inchi ngapi, amelala juu yake dakika ngapi kabla ya kulipa, na chaga za kitanda chake zimeachana kwa umbali gani.

Somo hili nililipia. Nilipohamia mtaa wa Umoja nilinunua godoro la tano kwa sita, la inchi nane, lenye maandishi ya dhahabu yaliyotangaza kuwa ni hai densiti, na sikuuliza chochote zaidi ya bei ya mwisho. Kabla ya mwaka kwisha, katikati yake palikuwa na bonde ambalo mtoto wangu aligeuza kuwa mchezo: popote alipoweka limau, limau lilibingirika likarudi katikati. Siku nilipofungua zipu ya kifuniko nilikuta sponji ya njano yenye matundu makubwa, ambayo nilipoibana kati ya vidole viwili ilitoweka kabisa, kana kwamba sikushika kitu.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kutoka nyumbani

Kabla ya kulaumu godoro ulilo nalo, litandaze sakafuni, mahali palipo sawa, ulalie hapo usiku mmoja au miwili. Ikiwa bonde limepotea, tatizo ni kitanda, na godoro jipya litaharibika vivyo hivyo. Vitanda vingi vya mafundi wetu, hata vile vizuri vya Ngong Road, huuzwa na chaga chache kuliko inavyofaa, kwa sababu chaga hazionekani kitanda kikishatandikwa. Nafasi kati ya chaga moja na nyingine isizidi inchi tatu, na kitanda cha upana wa futi tano au zaidi kiwe na mhimili wa katikati wenye mguu wake unaogusa sakafu. Kumwongezea fundi pesa ya mbao tano au sita ni nafuu kuliko kununua godoro mara mbili.

Kisha pima kitanda kwa ndani, kutoka ubao hadi ubao, kwa urefu na kwa upana. Magodoro yetu hukatwa kwa futi, yaani mbili na nusu kwa sita, tatu kwa sita, tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita na sita kwa sita, lakini kitanda kilichoagizwa kutoka nje mara nyingi huwa kirefu kuliko futi sita, nacho kitaacha pengo miguuni. Godoro linalolazimishwa kuingia hujikunja pembeni, na linalopwaya husogea kila usiku.

Pima ngazi pia. Anayeishi ghorofa ya tano katika majengo ya mtaa wa Pipeline, ambako ngazi ni nyembamba na kona zake ni kali, anajua ninachokisema. Godoro la sponji hukunjwa likapita, lakini godoro kubwa la springi halikunjiki bila kuharibu waya zake, na wapo watu waliolazimika kulirudisha dukani siku hiyo hiyo, wakilipia mkokoteni mara mbili.

Hatua ya pili: jua kilichomo ndani

Magodoro ya zamani ya pamba, na yale ya sufi ambayo watu wa pwani bado wanayakumbuka, yana sifa moja ambayo sponji haina: hufumuliwa, yakachambuliwa na kujazwa upya. Ila mjini Nairobi, mnunuzi wa kawaida atachagua kati ya sponji, sponji ya mabaki, springi, na memori fomu, yaani sponji inayofuata umbo la mwili.

Sponji ya kawaida ni poliyurethani, kemikali mbili za majimaji zinazochanganywa pamoja na maji kidogo, zikatoa gesi na kuumuka kama unga wa mandazi. Kadiri kiwanda kinavyotia mali ghafi nyingi katika ujazo ule ule, ndivyo kuta za matundu yake zinavyokuwa na nguvu ya kubeba mwili bila kuchoka. Hapo ndipo uimara unapotoka, nami nitalirudia jambo hili kwa kirefu.

Sponji ya mabaki hutengenezwa kwa kusaga vipande vilivyobaki kiwandani na kuvigandamiza kwa gundi. Utaitambua kwa rangi zake zilizochanganyika, kama kanga iliyokatwa vipande. Ni nzito na ngumu sana, haidhoofiki upesi, na mara nyingi ndiyo inayouzwa kwa jina la othopediki. Ni bora iwe tabaka la chini, juu yake pakiwa na sponji nzuri ya inchi mbili au tatu. Ikiwa peke yake, mabega na nyonga vitalalamika.

Springi ziko za namna mbili. Zile zilizofungamanishwa kwa waya hutikisika pamoja, kwa hiyo mmoja akigeuka usiku, mwenzake naye huamka. Zile ambazo kila moja imeshonewa mfuko wake hujongea peke yake, nazo ni ghali zaidi. Springi hupitisha hewa vizuri, jambo zuri kwa mtu anayetoka jasho.

Memori fomu ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi ya viti vya ndege iliyofadhiliwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Hulainika kwa joto la mwili na hukaza kwa baridi, kwa hiyo mkazi wa Nairobi ajue kwamba godoro lililokuwa laini dukani mwezi wa Februari litakuwa gumu kidogo usiku wa Julai, hadi mwili ulipashe moto.

Hatua ya tatu: lipime kwa kilo

Densiti ni uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo. Haina uhusiano wa lazima na ugumu: kuna sponji nyepesi iliyotengenezwa kuwa ngumu, ambayo mnunuzi akiibonyeza dukani huipenda, kisha baada ya miezi michache inanyong'onyea. Kwa hiyo kubonyeza kwa ngumi, desturi tunayoifanya sote, hakukuambii lolote kuhusu miaka mitatu ijayo.

Uzuri wake ni kwamba densiti hukokotolewa kwa hesabu ya darasa la saba. Zidisha urefu na upana kwa futi, kisha zidisha kwa unene wa inchi uliogawanywa kwa 12, upate futi za ujazo. Godoro la tano kwa sita lenye inchi nane lina futi 20 za ujazo. Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo 35.3, kwa hiyo godoro hilo lina mita za ujazo 0.57 hivi. Ikiwa muuzaji anadai kwamba densiti yake ni kilo 30, basi sponji hiyo haina budi kuwa na kilo 17. Ikiwa densiti ni kilo 20 tu, itakuwa na kilo 11 na kidogo. Tofauti ya kilo sita huwezi kuificha kwa maandishi ya dhahabu.

Safari yangu ya pili nilikwenda dukani na mizani ya bafuni ndani ya mfuko wa ununuzi. Kijana aliyekuwa akihudumu alicheka.

“Mama, godoro halipimwi kama mahindi.”

“Mwanangu, nisaidie tu kulisimamisha.”

Nilipanda mizani peke yangu, nikasoma uzito wangu bila kuutangaza, kisha nikalikumbatia godoro nikapanda tena, naye akainama kusoma namba kwa sababu mimi sikuweza kuona miguu yangu. Moja likatoa kilo 18. Jingine, la ukubwa ule ule, lenye maandishi yale yale ya hai densiti na lililopungua bei kwa shilingi elfu mbili tu, likatoa kilo 12 na nusu. Ukitoa kilo moja na nusu hivi ya kitambaa na darizi, la kwanza lilikuwa na densiti ya kilo 29, la pili halikufika 20. Kijana akaacha kucheka, akaniomba nipime na la tatu.

Kwa maoni yangu, sponji iliyo chini ya kilo 20 haifai kitanda cha mtu mzima anayekilalia kila usiku. Kati ya 20 na 25 inatosha kitanda cha mgeni au cha mtoto. Kwa kitanda cha wenye nyumba, anza kilo 28, na ikiwa mmoja wenu ana uzito unaozidi kilo 90, tafuta 32 au zaidi. Hesabu hii ni ya sponji ya kawaida. Sponji ya mabaki huwa nzito kwa sababu ya kugandamizwa, kwa hiyo usiilinganishe nayo. Tahadhari nyingine ni kwamba baadhi ya watengenezaji huongeza unga wa chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito bila kuwa imara. Ndiyo maana, ikiwa kuna zipu, omba ifunguliwe, uiangalie sponji kwa macho, uibane kati ya vidole na kuiachilia. Nzuri hurudi mara moja na huwa na matundu madogo yaliyo sawa. Iliyojazwa chokaa hurudi kwa uzito kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane.

Ama unene, usinunue inchi kumi kwa sababu zinapendeza zikitandikwa. Inchi nane za densiti nzuri hushinda inchi kumi za sponji nyepesi kila mara. Mtu mzima kwenye inchi nne atazihesabu chaga kwa mbavu zake. Inchi sita zinamtosha mwembamba au mwanafunzi wa bweni.

Hatua ya nne: lala

Imani iliyoenea kwetu ni kwamba mwenye maumivu ya mgongo alalie kitu kigumu, na wapo wazee walioambiwa walalie ubao. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania na Francisco Kovacs na wenzake kwa watu 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Baadhi yao walipewa magodoro magumu na wengine magodoro ya ugumu wa kati, bila kujua ni yapi waliyopewa. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo neno othopediki lisikutishe wala lisikuvute. Halimaanishi kwamba kuna daktari aliyelipima godoro lile.

Kinachotakiwa ni uti wa mgongo ubaki katika umbo lake. Anayelala ubavu anahitaji godoro linaloruhusu bega na nyonga kuzama kidogo, la sivyo mkono wake utakufa ganzi. Anayelala chali anafaa ugumu wa kati. Anayelala kifudifudi anahitaji gumu zaidi, maana kwenye godoro laini tumbo huzama na kiuno hupinda kama upinde.

Dukani, vua viatu na koti, lala vile unavyolala kwako, ukae hivyo dakika kumi nzima. Najua ni aibu kulala mbele ya watu wanaopita barabarani, lakini ni aibu ya dakika kumi. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwako, kikishindwa kabisa kupita, ni laini mno. Ukiwa ubavu, mwombe uliyekuja naye atazame kama mstari wa mgongo umenyooka kutoka shingoni hadi kiunoni. Wanaolala wawili waje wawili. Mume na mke wenye uzito tofauti wakilala pamoja dukani watajua papo hapo kama yule mwepesi anaporomokea upande wa mzito. Mwisho, keti ukingoni kama unayevaa soksi. Ukingo ukizama hadi ukaisikia fremu, hapo ndipo godoro litakapoanza kufa.

Mtoto mchanga ana kanuni yake, nayo haina mjadala: godoro lake liwe gumu, tambarare, na lijaze kitanda chake bila pengo lolote pembeni, kwa sababu mtoto wa miezi michache hawezi kuinua uso wake uliozama kwenye kitu laini.

Hatua ya tano: bei, risiti na alama

Gawanya bei kwa idadi ya usiku utakaolilalia godoro. Tuchukue mfano wa godoro la shilingi 9,000 linalodumu miaka miwili na nusu, na jingine la shilingi 20,000 linalodumu miaka minane. La kwanza linakugharimu takriban shilingi kumi kwa usiku. La pili halifiki saba. Ila hesabu hii ina mpaka wake. Anayepanga chumba kwa mwaka mmoja huku akisubiri uhamisho hana sababu ya kununua godoro la miaka minane, wala sioni busara ya kukopa kwa riba kubwa ili kulinunua. Kwa asiye na pesa zote, maduka kadhaa hukubali kulipwa kidogo kidogo na kulihifadhi godoro mpaka malipo yaishe, na huko hakuna riba.

Tafuta alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, na namba ya kibali iliyoandikwa chini yake. Alama peke yake ni rahisi kuiga, kwa hiyo tuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya #, kisha namba hiyo, kwenda 20023, nawe utajibiwa bidhaa na kampuni iliyopewa kibali hicho. Jina ulilojibiwa lisipolingana na lililo kwenye godoro, ondoka.

Unapolipa, dai risiti inayotaja ukubwa, unene na densiti kwa kilo, si maneno “godoro moja” tu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ina ubora isio nao, lakini malalamiko yako yatakuwa na miguu ikiwa muuzaji aliandika namba kwa mkono wake. Muuzaji anayekataa kuandika densiti amekwisha kukujibu. Soma pia waraka wa dhamana, hasa mahali panapotaja kina cha bonde kitakachokubaliwa kuwa kasoro, na ujue kwamba doa la maji au mkojo kwa kawaida huifuta dhamana yote.

Kuhusu mitumba, ushauri wangu ni mfupi. Kitanda cha mtumba ni sawa. Godoro la mtumba lina kunguni mpaka uthibitishe kuwa halina, na kuthibitisha ni kukagua kila mshono kwa tochi ukitafuta vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu.

Hatua ya sita: nyumbani

Lisafirishe likiwa ndani ya nailoni, hasa msimu wa masika, maana sponji iliyonyeshewa juu ya mkokoteni hukauka nje na kubaki na unyevu ndani. Lakini likishafika, ivue nailoni hiyo. Kuna nyumba nyingi Nairobi ambamo godoro hulaliwa miaka miwili likiwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani ili lisichafuke. Jasho la usiku hukosa pa kwenda, na siku nailoni inapovuliwa ukungu mweusi umekwisha kutapakaa. Anayeogopa uchafu, au mwenye mtoto anayekojoa kitandani, anunue kifuniko kisichopitisha maji chenye kitambaa juu, kinachovuliwa na kufuliwa. Anayelala sakafuni aweke paleti ya mbao chini ili hewa ipite. Lile lililouzwa limeviringishwa liachwe litanuke kwa siku moja hadi tatu, madirisha yakiwa wazi ili harufu ya kiwandani itoke.

Katika miezi mitatu ya mwanzo, zungusha godoro kila mwezi, upande wa kichwa uwe wa miguu, kisha uendelee kila baada ya miezi mitatu. Likiwa na pande mbili zinazolalika, lipindue pia. Lenye tabaka la memori fomu halipinduliwi. Usilianike juani kutwa. Mama zetu walianika magodoro ya pamba nao walifanya vyema, lakini miale ya jua huifanya sponji kuwa njano na kumeguka kama keki kavu. Kivuli chenye upepo kinatosha. Likimwagikiwa na kitu, kandamiza kwa taulo kavu badala ya kuliongezea maji.

Mara moja kwa mwaka, ondoa shuka, vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo katikati ya godoro, na usimamishe rula kati ya uzi na sehemu iliyozama zaidi. Andika sentimita hizo nyuma ya risiti pamoja na tarehe. Kina kikikaribia kile kilichotajwa kwenye dhamana, piga picha ya rula ikiwa bado imesimama, uipeleke dukani wiki hiyo hiyo.